Amri Imetoka, Vali Haijafunga

Alfajiri ya Machi 28, 1979, kiasi cha saa kumi, pampu kuu za maji zilisimama ghafla kwenye kinu cha pili cha kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, jimboni Pennsylvania, Marekani. Presha ikapanda, vali ya kuipunguza ikafunguka kama ilivyopaswa, na sekunde chache baadaye, presha iliposhuka, mtambo ukaiamuru vali ifunge. Katika chumba cha udhibiti taa ya vali ile ikazimika. Waliokuwa zamu wakasoma kile walichozoea kusoma: taa imezimika, basi vali imefunga.

Haikuwa imefunga. Ilikwama wazi. Taa haikuunganishwa na vali yenyewe, bali na umeme uliokuwa ukiiamuru. Ilichoeleza ni kwamba amri ya kufunga imetoka, hakuna zaidi. Maji ya kupozea kinu yakamwagika kwa zaidi ya saa mbili kupitia njia ambayo watu wa zamu waliamini imezibwa. Hatimaye, mnamo saa 12:20 asubuhi, ikafungwa vali nyingine iliyo kwenye bomba lilelile. Uchunguzi uliofanywa miaka kadhaa baadaye ulionyesha kwamba karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Kituo kile kiliendeshwa kwa vifaa vya zama zake, wala si kwa vidhibiti vya programu vinavyouzwa leo. Lakini kosa lake ndilo linalowaandama mafundi wa viwandani hadi sasa, kwenye mitambo ya maji, viwanda vya sukari, vya saruji na vya soda. Kosa hilo ni kuchukua amri kama ushahidi wa kazi. Mama aliyemtuma mtoto dukani kununua chumvi hasemi mboga imeiva na chumvi kwa sababu tu mtoto ametoka mlangoni. Kwenye paneli za umeme, hata hivyo, watu wazima wenye vyeti huandika programu zinazosema hivyo kila siku.

Kidhibiti cha programu chenyewe ni kasha, mara nyingi si kubwa kuliko kitabu kinene, limefungwa ndani ya paneli ya chuma. Mafundi wanaliita kwa herufi tatu tu, PLC. Upande mmoja nyaya zinaingia: kutoka kwenye vitufe vya kuwasha na kuzima, maboya ya matangi, vipimajoto na vipimo vya presha. Upande wa pili zinatoka kwenda kwenye kontakta, yaani swichi kubwa za umeme, za mota, kwenye vali, taa na ving'ora. Katikati kuna programu. Nyaya nyingi zinazoingia hubeba volti 24: volti ikiwepo kasha linaandika moja, isipokuwepo linaandika sifuri. Kwa nyaya hizo, ujuzi wake wa dunia unaishia hapo. Halioni tangi linavyofurika, wala halisikii pampu ikikoroma kwa kukosa maji. Linajua kilichofika kwenye skrubu zake.

Kabla ya makasha haya, hesabu hiyo ya ndiyo na hapana ilifanywa na rilei, yaani swichi zinazofunguliwa na kufungwa kwa umeme. Kiwanda cha magari kilikuwa na makabati marefu yaliyojaa rilei mamia kwa mamia, na kila modeli mpya ya gari ilipoingia, nyaya zilifumuliwa na kufungwa upya. Mwaka 1968 tawi la Hydra-Matic la kampuni ya General Motors, lililotengeneza gia za magari, likaomba mbadala wa kielektroniki: kitu kinachobadilishwa kwa kuandika, kinachovumilia vumbi na mtikisiko, na ambacho fundi umeme wa kawaida anaweza kukisoma. Mhandisi Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates, huko Massachusetts, wakatoa kasha waliloliita Modicon 084, namba hiyo ikiwa ni ya mradi wa 84 wa kampuni yao. Morley mwenyewe alipenda kusimulia kwamba aliandika wazo la chombo hicho siku ya Mwaka Mpya wa 1968, kichwa kikimuuma kwa ulevi wa usiku uliotangulia.

Sharti lile la fundi wa kawaida ndilo lililoamua sura ya programu mpaka leo. Badala ya maandishi ya kompyuta, wabunifu walichukua mchoro uleule wa rilei: mistari miwili wima kama nguzo za ngazi, na kati yao vipandio. Kushoto kwa kila kipandio kuna masharti, kulia kuna amri. Masharti yote yakitimia, umeme wa kuwazia unapita na amri inatoka. Mwaka 1993 kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3 kilitambua lugha tano za kuviandikia programu vidhibiti hivi, mojawapo ikifanana sana na lugha ya kompyuta ya Pascal. Ngazi haikung'oka. Sababu yake si ushamba wa mafundi. Saa nane za usiku, mstari wa uzalishaji ukiwa umesimama, mtu aliyechoka anaweza kufuata ngazi kwa kidole na kuona kipandio kipi kimekatika.

Ila kuna jambo ambalo mchoro huo unalificha. Katika rilei halisi, kila kitu hutokea kwa wakati mmoja. Ndani ya PLC hakuna kitu cha namna hiyo. Kasha linapiga hali ya nyaya zote zinazoingia picha moja, linaiweka kwenye kumbukumbu, linapitia programu kipandio kwa kipandio kutoka juu hadi chini likitumia picha hiyohiyo, kisha linatoa amri zote kwa mkupuo na kuanza tena. Mzunguko mmoja unaweza kuchukua milisekunde chache au makumi kadhaa. Kuna pia kipima muda cha ulinzi. Kwenye vidhibiti vingi vya Siemens kimewekwa kwenye milisekunde 150, na programu ikizubaa kupita hapo, mtambo unachukuliwa kuwa na hitilafu.

Kutokana na mwendo huo huja vioja vinavyowatoa jasho wanaoanza kazi. Chukua mstari wa chupa ambapo kila chupa inaikata sensa kwa milisekunde 2 tu, huku mzunguko wa programu ukichukua milisekunde 10. Chupa nyingi zitapita kati ya picha mbili, na kasha litaapa kwamba hazikuwahi kuwepo. Hapo inahitajika kaunta maalumu ya kasi inayofanya kazi nje ya mzunguko. Kioja kingine ni cha amri moja kuandikwa mara mbili. Kipandio cha 12 kinasema pampu iwake, kipandio cha 40 kinasema pampu hiyohiyo izime, na kwa kuwa amri zinatolewa mwisho wa mzunguko, kipandio cha 40 ndicho kinachoshinda. Fundi anakodolea macho kipandio cha 12 kwenye skrini, anaona masharti yote yametimia, na pampu imelala. Wengi hubadilisha kontakta nzima kabla ya kushuka chini ya ukurasa.

Sasa kitufe cha kuzima. Hapa ndipo ustadi wa kazi hii unapoonekana, na hapa ndipo wanafunzi wengi hugoma kuelewa. Kitufe cha kuwasha hufungwa kikiwa wazi: hakipitishi umeme mpaka kibonyezwe. Kitufe cha kuzima hufungwa kinyume chake: kinapitisha umeme muda wote, na kukibonyeza ni kuukata. Maana yake, mtambo ukiwa katika hali ya kawaida, kasha linaona moja kutoka kwenye kitufe cha kuzima, na katika programu kitufe hicho huandikwa kama sharti la kawaida, si la kukanusha. Mwanafunzi anayeona neno "zima" anaandika ukanushi, mota inakataa kuwaka, na anaibebesha programu lawama zote.

Kwa nini watu wajitie katika mkorogo huo? Kwa sababu ya waya. Waya wa kitufe cha kuzima ukigugunwa na panya, au skrubu ikilegea kwa mtikisiko, volti zinatoweka, kasha linasoma sifuri, na mtambo unasimama. Kiwanda kitapoteza uzalishaji wa dakika kadhaa. Kitufe kingefungwa kwa namna ile nyepesi, waya uliokatika usingebadilisha chochote machoni pa kasha, na mtu ambaye mkono wake umenaswa kwenye mkanda angebonyeza kitufe kilichokufa tangu wiki iliyopita. Hata hivyo, kile kitufe kikubwa chekundu cha dharura hakiachiwi programu ya kawaida peke yake. Umeme wa mota hukatwa kwa njia ya vifaa vya usalama vilivyotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo.

Busara hiyohiyo imo kwenye vipimo. Kina cha maji, joto na presha havisemi ndiyo au hapana, vinasema kiasi, na vipimo vingi vya viwandani husafirisha kiasi hicho kwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20. Tangi la kina cha mita 6 likiwa tupu, kipimo kinatuma miliampia 4, likiwa nusu, 12, likijaa, 20. Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasianzie sifuri, hesabu ikawa rahisi. Wangeanzia sifuri, waya uliokatika na tangi tupu vingesomeka sawasawa. Kasha lingeona sifuri, lingewasha pampu kujaza tangi ambalo tayari limejaa, na lingeendelea kumwaga maji mpaka jirani apige simu. Kwa kuanzia 4, sifuri inakuwa kelele ya hitilafu. Vipimo vinavyofuata pendekezo la NAMUR, umoja wa watumiaji wa vifaa hivi ulioanzia Ujerumani, vikipata ugonjwa wa ndani hujisema vyenyewe: vinashusha mkondo chini ya miliampia 3.6 au vinaupandisha juu ya 21.

Lakini uungwana huo wa kipimo ni bure ikiwa mwandishi wa programu hakuandika kipandio cha kuusikiliza. Na wengi hawaandiki. Wanabadilisha miliampia kuwa mita, wanapeleka mita kwenye skrini, wanakwenda kunywa chai.

Katika nchi ambako umeme hukatika na kurudi bila hodi, kuna swali jingine ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia haraka: umeme ukirudi, mtambo ufanye nini? Njia ya kale ya rilei ilikuwa na jibu zuri. Mota iliwashwa kwa kitufe, kisha mguso wa kontakta yenyewe ukaishikilia. Umeme ukikatika, kontakta inaachia, na ukirudi mota haiwaki mpaka mtu abonyeze tena. Katika PLC inawezekana kuandika hivyo. Inawezekana pia kuweka amri kwenye kumbukumbu isiyofutika, na hapo umeme unaporudi usiku, mashine ya kusaga inaanza kuzunguka yenyewe huku fundi akiwa ndani yake na tochi mdomoni, akitumia kiza kufanya marekebisho. Kwa mtambo wowote unaoweza kumjeruhi mtu, kuwaka wenyewe ni kosa la uandishi, wala kisingizio cha kuokoa muda hakifai kusikilizwa. Pampu za maji zisizoguswa na watu ni suala tofauti. Hizo zinaweza kuruhusiwa kurudi zenyewe, ila kwa kupishana sekunde kadhaa, kwa sababu mota nyingi zikianza moja kwa moja huvuta mkondo mara tano au zaidi ya ule wa kawaida, na kumi zikianza pamoja zitaangusha swichi kuu.

Turudi kwenye amri na ushahidi wake. Programu ya pampu iliyoandikwa kivivu ina kipandio kimoja: boya la chini likishuka, washa, boya la juu likipanda, zima. Kwenye skrini kuna picha ya pampu inayogeuka kijani amri ikitoka. Pampu inaweza kuwa imeungua, mkanda umekatika, au bomba la kufyonza limejaa hewa, na picha itabaki kijani. Ni ile taa ya Three Mile Island iliyopakwa rangi mpya.

Programu ya mtu makini inauliza maswali mawili zaidi. Je, kontakta imevuta? Hilo linajibiwa na mguso mdogo wa pembeni unaorudisha volti 24 kwenye kasha. Je, maji yanakwenda? Hilo linajibiwa na swichi ya mtiririko kwenye bomba. Amri ikitoka na sekunde tano zikapita bila jibu, amri inafutwa, king'ora kinalia, na pampu ya akiba inaitwa. Picha kwenye skrini inageuka kijani kwa jibu la bomba. Kinachoongezeka ni nyaya mbili, swichi moja na vipandio vitatu au vinne. Gharama yake haifiki ya mota moja iliyoungua.

Swichi na vipimo navyo husema uongo, na vikisema uongo kwa sauti tulivu hasara yake huwa kubwa. Usiku wa kuamkia Jumapili, Desemba 11, 2005, petroli ilikuwa ikiingia kwenye tangi namba 912 katika bohari la Buncefield, kaskazini mwa London. Mnamo saa 9:05 usiku kipimo cha tangi kilikwama. Petroli iliendelea kuingia kwa zaidi ya mita za ujazo 500 kwa saa, na skrini ikaonyesha kina kilekile, hakipandi wala hakishuki. Ving'ora vya kujaa kupita kiasi havikulia kwa kuwa vilitegemea kipimo hichohicho kilichokwama. Kulikuwa na swichi ya pili, huru, ya kukata kila kitu tangi likifika ukingoni. Nayo haikufanya kazi, kwa sababu kufuli dogo lililopaswa kukishikilia kipini chake cha majaribio mahali pake halikufungwa. Zaidi ya lita 250,000 zikamwagika. Saa 12:01 asubuhi mvuke ukalipuka, matangi zaidi ya 20 yakashika moto, na watu 43 wakajeruhiwa. Kwamba hakuna aliyekufa ni bahati ya kuwa ilikuwa Jumapili asubuhi na ofisi za jirani zilikuwa tupu. Kipimo kile kilikuwa kimeshakwama mara kadhaa katika miezi iliyotangulia.

Kwa mwandishi wa programu kisa hicho kina uchungu wa pekee, maana taarifa mbili zilizoingia zilipingana waziwazi: mafuta yanaingia, na kina hakipandi. Haziwezi kuwa kweli zote mbili. Kipandio kimoja cha kuzilinganisha, chenye kipima muda cha dakika chache, kingetosha kupiga kelele.

Na kuna uongo wa kukusudia. Mwaka 2010 wataalamu wa usalama wa kompyuta waligundua kirusi kilichoitwa Stuxnet, kilichotengenezwa kuvamia vidhibiti vya Siemens kwenye kituo cha kurutubisha urani cha Natanz, nchini Iran. Sehemu moja ya kirusi iliharibu kasi ya mashinepewa za kuchuja urani: kutoka mzunguko wa umeme wa hezi 1,064 iliupandisha hadi 1,410, na wakati mwingine ikaushusha hadi 2. Sehemu nyingine, kama alivyoichambua Mjerumani Ralph Langner, ilishambulia mfumo wa vali. Ilirekodi sekunde 21 za taarifa zinazoingia wakati mambo yakiwa shwari, kisha ikairudia rekodi hiyo tena na tena. Programu halali iliendelea kukimbia na kutoa amri zake kwa uaminifu, ila ilisoma picha ya jana, na vali zilikuwa zikimtii mtu mwingine. Waliobuni shambulio hilo walielewa kuwa akitekwa mlinzi wa mlango wa kuingilia, programu yenyewe haina haja ya kuguswa.

Viwanda vingi vya Afrika Mashariki haviviziwi na mataifa. Maadui zake ni unyevu wa pwani unaokula miguso, vumbi la saruji juu ya sensa, waya uliounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa gundi ya plastiki, na ule ugonjwa wa zamu ya usiku: kuziba sensa inayosumbua kwa kipande cha waya ili uzalishaji uendelee. Waya huo wa ujanja unaondolewa wiki ijayo, watu husema. Miaka inapita, mashine inabadili mikono, na kasha bado linaamini kwamba mlango wa usalama umefungwa.

Kwa hiyo meneja wa kiwanda au wa mamlaka ya maji anayeletewa mtambo mpya asiridhike na onyesho la mtambo ukifanya kazi vizuri. Mtambo wowote mpya hufanya kazi vizuri mbele ya mgeni. Kabla ya kusaini hati ya makabidhiano, aagize waya wa kipimo cha tangi uchomolewe, waya wa kitufe cha kuzima ukatwe, vali ya kutokea pampu ifungwe kwa mkono huku pampu ikiwa imeamriwa kuwaka, na umeme mkuu uzimwe na kurudishwa ghafla. Kila mara aangalie skrini inasema nini, kisha atembee mpaka kwenye mashine yenyewe aone kama inasema kitu kilekile. Mkandarasi atakayedai kwamba majaribio hayo hayakuwemo kwenye mkataba asilipwe malipo ya mwisho mpaka yafanyike.